Kisima cha Kupimia Sumu

Niliondoka Dodoma kwa sababu mkubwa wangu wa kazi, aliyepaswa kwenda, alikuwa anaozesha binti. Zilikuwa zile enzi za ruksa, wawekezaji wakimiminika mjini, na mmoja wao alikuwa ameomba kibali cha mazingira ili ajenge kinu cha kusaga mawe ya dhahabu upande wa Chemba. Ofisi yetu ya maji ilitakiwa kusema kama bwawa la tope lenye sumu litakalotoka kinuni lingedhuru maji ya watu. Basi nikawa ujumbe wa serikali, mwanamke mmoja peke yangu.

Alfajiri gari lilinifuata nyumbani, Area D. Lilikuwa gari la mwombaji. La kwetu lilikuwepo, zima kabisa, ila fungu la mafuta lilikuwa bado linajadiliwa. Ndani nilimkuta Bwana Deo, meneja wa kampuni, mtu mwenye adabu, aliyenipa kiti cha mbele na kuniuliza kama upepo wa dirishani unanisumbua. Nilikuwa nakwenda kumkagua mtu huku nimekalia kiti chake na kutafuna karanga zake.

Hadi kupita Mayamaya barabara ilikuwa ile tuliyoizoea, mashimo na vumbi lililotuingia hadi kwenye meno. Tulipoacha njia kuu nikajiandaa kwa mabaya zaidi. Badala yake nikakuta njia imechongwa upya, laini.

"Nani kaitengeneza?" nikauliza.

"Sisi," akasema Bwana Deo. "Wakaguzi wa kwanza walikwama hapa, wakarudi bila kuona eneo. Ikabidi tuchonge ili tukaguliwe."

Tulifika kijijini jua likiwa la utosi. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ndahani, alitupokea. Nilipompa shikamoo alifurahi, akasema safari hii serikali imeleta mtu anayesalimia. Mkewe, Mama Nyemo, alitupa ugali wa uwele na mlenda, kisha akaniletea maji. Nilionja kwa tahadhari, maana maji ya nchi ile nayajua kwa chumvi yake. Haya hayakuwa na chumvi hata chembe.

"Mmeyatoa wapi, mama?"

"Kisima cha sumu," akajibu, kama mtu anayetaja duka la jirani.

Kumbe wakaguzi waliokuja baada ya wale waliokwama walikuwa wameiagiza kampuni ichimbe kisima chini ya kilima ambacho bwawa la tope lingejengwa juu yake, ili maji yapimwe kabla na baada. Kisima kilipotoa maji matamu, wanawake waliacha kufukua maji kwenye mchanga wa korongo. Walifunga kopo jembamba kwenye kamba ndefu, wakalishusha ndani ya bomba, na tangu siku hiyo wakanywa humo.

Alasiri nilikwenda kukiona, na hapo ndipo nilipouona mtego. Kinu kikikubaliwa, kisima kingezungushiwa uzio wa kampuni, na bwawa likivuja hayo ndiyo maji ambayo yangeharibika kwanza. Kinu kikikataliwa, taratibu zilidai kisima cha uchunguzi kizibwe kwa saruji. Jibu lolote ambalo ningeandika lingewarudisha korongoni.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Nilieleza habari za bwawa na sumu, wakanisikiliza kwa heshima. Kisha Mzee Ndahani akasimama.

"Mwanangu, sisi hatusemi mkubali, wala hatusemi mkatae. Tunaomba muendelee kukagua. Tangu mlipoanza, barabara imepatikana. Mganga wa zahanati karudi kwa kuwa wageni wanakuja. Maji tumepata. Sasa mkimaliza, sisi tutabaki na nani?"

Watu walicheka. Mzee hakucheka. Mwanawe Yona naye akasimama, kijana mrefu mwenye sauti ya pole. "Baba ana maji, ndiyo maana hana haraka," akasema. "Mimi nataka kazi."

Tuliporudi, Bwana Deo alivumilia hadi tukaiona njia kuu. "Mama, utaandika nini?"

"Kwamba maji yapimwe masika na kiangazi kabla ya uamuzi."

"Huo ni mwaka mzima."

"Na kwa kuwa lile kopo linachafua sampuli, mtafunga pampu ya mkono."

"Pampu ya kupimia," akasema.

"Ya kupimia."

Dodoma mkubwa wangu alisoma taarifa, akanisifu kwa umakini wa kitaalamu. Sikumbishia. Kila neno lilikuwa kweli. Kopo lilikuwa linachafua sampuli.

Pampu ilifungwa. Tulipima misimu yote, na vipimo vikaonyesha kwamba maji ya kilimani yanateremka moja kwa moja kisimani. Nikapendekeza kibali kikataliwe kwa eneo lile, na kikakataliwa. Kampuni ikahamisha mitambo yake. Kabla saruji haijaletwa, niliandikisha kisima kuwa kituo cha kudumu cha ofisi yetu cha kupimia maji, na kituo cha serikali hakizibwi.

Mara ya mwisho nilikwenda kwa basi, nikamalizia kwa miguu, kwani njia ilikuwa imeanza kuliwa na mvua na hakukuwa tena na wa kuichonga. Mganga alikuwa ameshahama. Mama Nyemo nilimkuta kwenye pampu, ndoo imejaa. Nilimuuliza habari za Yona.

"Amekifuata kinu huko kilikohamia," akasema. "Kapata kazi. Anasema kuna bwawa kubwa, na wao wanakaa chini yake." Akajitwika ndoo, akaniangalia. "Huko, mwanangu, maji yao nani anayapima?"

Nilikuwa nimekwenda na fikra kwamba kukataa ni kumaliza. Nilimwambia kweli, kwamba sijui, nikamfuata nyuma kuelekea nyumbani kwake.