Nukta Nyekundu ya Buhare

Fundi simu wa Mwigobero akichoma lehemu, moshi wake hunirudisha utotoni, nyumbani kwetu Kamunyonge, kwenye chumba cha mjomba kilichojaa nyaya. Mjomba alipenda redio za mawasiliano kama wengine wanavyopenda bao. Alifunga kidude kwenye pikapu ya baba, kikawa kinatuma kwa redio mahali gari lilipo. Kwenye kompyuta tuliliona kama nukta nyekundu inayotambaa juu ya ramani.

"Watu wanadanganyaga," aliniambia. "Mashine haidanganyagi."

Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Nukta ikifika njia panda ya Butiama, nampigia mama ukelele, naye anabandika maji ya ugali. Baba alikuwa anaukuta ungali wa moto.

Jioni moja nukta ilipita Butiama, ikaja mpaka Buhare, hapahapa mjini kwetu, ikasimama hapo. Ugali ukaiva. Mama akampigia baba simu, akaweka spika ili nami nimsalimie.

"Mama watoto, gari limeniharibikia huku Bunda. Nitalala hukuhuku."

Nyuma yake kulikuwa na kichanga kinalia.

Simu ilipokatika nikaruka. "Muongo! Yuko Buhare! Mjomba, si unaona?"

Mjomba alichomoa waya, kioo kikawa cheusi. "Leo imekosea," akasema, bila kunitazama.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anafunika ugali wa baba kwa bakuli, taratibu, kama alivyoufunika siku nyingine.

"Kula, mwanangu. Baba yako yuko Bunda."