Vyungu Vilivyotoka Nakonde

Mimi ni mwoga, bora nikiri mapema. Watu wakisikia kwamba sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na naishi Tunduma, mji ambao moshi wa mishkaki unakupokea kabla ya askari wa mpakani, hudhani nina moyo wa chuma. Wapi! Kunguru mwoga, wanasema, hukimbiza mbawa zake. Mimi nilikuwa mwoga na mbawa zenyewe sikuziokoa.

Haya mambo niliyapata kwa tajiri wangu wa zamani, mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri vya malori. Alikuwa Mjaini, dini ambayo sikuwahi hata kuisikia mpaka aliponiajiri stoo. Maji ya kunywa aliyachuja kwa kitambaa asije akameza mdudu. Jua likizama, hali tena. Na mara moja kwa mwaka alisimama mbele yetu, wapakiaji na mimi, akakutanisha viganja kifuani na kutuomba msamaha kwa lolote alilotukosea, kwa tendo, kwa neno au hata kwa wazo. Mwaka wa kwanza tulicheka, tukidhani anataka kutupunguza kazini. Mwaka wa pili mimi sikucheka. Neno lao ni ahimsa, yaani kutodhuru, na aliniambia kwao India watu wameliishi tangu enzi za mababu wa mababu.

Yeye mwenyewe alikunywa chai ya maziwa. Aliyeacha hata maziwa ni mkwewe, mke wa mwanawe, kwa kuwa alisema huwezi kumwonea huruma ng'ombe nusu. Nilimwelewa palepale. Utotoni nilikuwa nikipelekwa kwa baba mdogo kule Ivuna, na kazi yangu ilikuwa kushika kamba ya ndama wakati mama yake anakamuliwa. Ndama analia, mama anageuza shingo, sisi tunakinga ndoo. Nilikuwa namchukia yule ndama kwa kunivuta mikono. Nikikumbuka hilo sasa naona aibu.

Nilipoacha, nyumbani walinichoka. Mama aliuliza nani kaniloga. Rafiki zangu wakaniita mbuzi. "Mkataa wengi ni mchawi," mjomba wangu alinikumbusha kila Krismasi, mfupa ukiwa mkononi. Nikazoea. Nilipika maharage yangu, nikala, nikanyamaza. Nilikuwa hodari sana wa kunyamaza.

Halafu, mwaka wangu wa nne pale dukani, nikataka kuoa. Binti ni wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Yeye nilimwambia siku za mwanzo kabisa. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaniuliza maswali hadi chai yake ikapoa, na tangu siku hiyo hakuagiza nyama tukiwa pamoja. Lakini binti siyo ukoo.

Kwao, kabla ya harusi, kuna siku ya kumwonyesha bwana harusi moto. Wanaiita chilanga mulilo. Wanawake wa upande wa binti hupika kila aina ya chakula ambacho mume atapikiwa, wakabeba vyungu hadi kwake, na bibi wa binti hufunua kimoja kimoja akieleza. Kabla ya siku hiyo huruhusiwi kula kwa wakwe. Katikati ya vyungu lazima awepo kuku mzima. Na ukikataa chungu, umemkataa aliyekipika.

Wiki ya shughuli ilipofika, bibi akamuuliza mshenga wangu, ambaye ni huyohuyo mjomba wa mfupa: kijana wenu anakula nini, na nini hali? Swali zuri kuliko hilo sijawahi kuulizwa maishani. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mjomba akaniletea swali, na mimi nikaona mahari inarudi, shangazi wanasonya, mama analia tena.

"Waambie nakula kila kitu," nikasema.

Mjomba akanitazama. "Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Haya. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

Jioni binti akapiga simu. Hakunisalimia. "Nimesikia mshenga alichosema. Mimi namwambia bibi ukweli."

"Usimwambie, nakuomba. Watasema nimewadharau."

"Niachie mimi. Wewe kaa tu, subiri." Akakata. Kuanzia kesho yake wakamweka ndani na wafundaji, simu wakamnyang'anya kama desturi, nami sikumsikia tena.

Jamani, wiki ile! Kasema? Hakusema? Kasema wakakasirika? Nilikosea hesabu ya vipuri, nikamuuzia mtu bolti za lori lisilo lake. Alhamisi nilisimama mbele ya muuza mishkaki nijaribu kama naweza hata kipande kimoja, nikaishia kununua ndizi ya kuchoma. Ijumaa nikajifariji kwamba nitakula mara moja tu, kwa ajili ya ndoa, na Mungu ni mwelewa. Sikumwamini hata kidogo yule binti kwamba ataweza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumamosi mchana wakaja, wanawake kumi na zaidi, vyungu kichwani, nyimbo juu. Nikaketishwa kwenye mkeka na wajomba zangu. Bibi alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha. Akapiga magoti mbele ya vyungu, akafunua nshima, ugali wa kwao, akaeleza. Akafunua samaki wa Ziwa Tanganyika. Mimi jasho linanitiririka mgongoni. Akafunua cha tatu, na hapo ndipo alipokuwa yule kuku, mzima, miguu imekunjwa, mafuta yanang'aa.

"Hiki, mukwai," bibi akaanza, taratibu, kwa neno lao la heshima, "hiki tumekileta..."

Sikumngoja. Niliogopa kwamba nikichelewa nusu dakika wataona usoni. Nikanyoosha mkono, nikang'oa paja, nikauma.

Nyimbo zikakatika. Mjomba akanifinya goti. Bibi akabaki na kifuniko mkononi, akinitazama ninavyotafuna.

"Nilikuwa sijamaliza," akasema. "Hiki tumekileta kwa ajili ya wajomba zako. Hata samaki ni wao." Akavuta vyungu vingine vitatu, akavifunua kwa pamoja. Majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Chikanda, ile ya mizizi na karanga inayokatwa kama mkate. Maharage. "Hivi ndivyo vyako. Mjukuu wangu amevipika kwa mkono wake. Hakuna mnyama humu, wala yai, wala tone la maziwa. Sufuria na mwiko amenunua vipya."

Paja lilikuwa bado mkononi, nyama mdomoni. Kutema ni tusi, kumeza ni kumeza. Nikameza.

Hawakunitukana, bora wangenitukana. Shangazi mmoja alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Kumbe mshenga ndiye aliyekuwa mkweli. Binti ametuzungusha wiki nzima bure." Ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Alikuwa amewaambia, wakambishia, akasimama peke yake dhidi yao wote, na bibi akaamua kumwamini yeye. Kwa kung'ata mara moja nimemfanya mwongo.

Kesho yake nikavuka mpaka. Bwana harusi haruhusiwi kwenda huko siku hizo, nikaenda hivyohivyo. Shangazi walikuwa uani wakibangua karanga, bibi katikati yao. Nikapiga magoti, nikasema: binti alisema kweli, sili nyama, mshenga nilimtuma mimi na uongo ulikuwa wangu.

"Na jana?" bibi akauliza.

"Jana niliwaogopa."

Bibi akaendelea kubangua. "Usiniambie mimi. Mwenyewe yuko mlangoni."

Alikuwa amejitanda khanga, macho yamevimba. "Ulimeza?" akaniuliza.

"Nilimeza."

"Kuku alichinjwa kwa ajili ya wajomba zako, hukumuua wewe," akasema. "Mimi ndiye uliyenichinja." Akaingia ndani.

Tulioana, ndiyo, miezi mitatu baada ya tarehe iliyopangwa, na bibi ndiye aliyetusuluhisha. Lakini mpaka leo, mgeni akiniuliza kama nakula kila kitu, mke wangu huacha chochote anachofanya, akanitazama mdomoni, akangoja nijibu.