Bogenvilia ya Bi Mdogo

Juzi, kwenye vitalu vya miche Chumbageni, nilimsikia mama mmoja akimlalamikia muuzaji. Mumewe ana wake wawili, naye kampandia kila mmoja bogenvilia mlangoni pake.

"Ya bi mkubwa haipati hata tone, nayo imejaa maua mpaka wapita njia wanapiga picha. Yangu inamwagiliwa kila jioni, majani matupu."

"Ndiyo sababu, bibie. Hiyo ukiinywesha sana inanenepa majani. Iache ione kiu, itatoa maua."

Mama akashika kiuno. "Anayemwagilia ni mume. Hata siku za zamu ya mwenzangu hupitia kwangu na ndoo yake. Nikimwambia aache, atakuja kufanya nini?"

Muuzaji akajikuna kisogo. "Basi chagua, maua au mwenye ndoo."

Mama akaitazama miche yote, akashusha sauti. "Nipe kitu kinachotaka maji asubuhi na jioni."

Nilitaka kumwonea huruma, wivu juu ya mumewe ukanitangulia. Nimetembea nchi nyingi, na nyumbani kwangu anayemwagilia kwa ndoo ni mimi, lakini hakuna aliyewahi kununua mche ili nisiondoke mapema.