Shotigani ya Marehemu Gaudiosus

Katika wilaya zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, hakuna mtu anayejua habari za shotigani za zamani kunizidi mimi. Sisemi kwa kujisifu. Hakuna mwingine anayetaka kuzijua. Kwa miaka kumi na miwili nimezunguka kutoka Kanoni hadi Isingiro nikiwauliza wazee nani alinunua bunduki mwaka gani, na aliua nini nayo. Nina madaftari matatu manene, kitako kimoja cha bunduki kilicholiwa na mchwa, na maganda ya risasi arobaini na moja ambayo mke wangu, Mackrine, ameyatupa mara mbili nami nikayaokota mara mbili. Shotigani yenyewe sina. Niliwahi kushikishwa moja na askari wa wanyamapori, nikaishika kama mwanamume aliyebebeshwa mtoto mchanga wa jirani.

Bunduki niliyoitafuta kuliko zote ilikuwa ya marehemu Gaudiosus wa Songambele. Baba yake aliinunua Bukoba katika miaka ya hamsini, kahawa ilipokuwa na bei ya kueleweka: ya mtutu mmoja, namba kumi na mbili, kazi ya Uingereza. Gaudiosus aliirithi, na kwa miaka thelathini akaitumia kuilinda migomba ya nusu kijiji dhidi ya nyani. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, bunduki ilitoweka kabla ya matanga kuisha. Wadogo zake wawili, Eliud na Jovin, kila mmoja aliitaka, na kila mmoja aliamini mwenzake ameiiba. Tangu hapo hawakusalimiana, ingawa vibanja vyao vya migomba vimegusana na mgomba wa huyu ukielemewa na mkungu huinamia kwa yule.

Mjane wake, Benadeta, nilimzoea kupitia bunduki hiyo. Ni mama wa miaka sabini hivi, mfupi, mzaliwa wa Kanoni, aliyeolewa Songambele akiwa hajafikisha ishirini. Amezika watoto wawili na mume mmoja, na wote amewapandia mgomba kichwani mwa kaburi. Maharage ya mbegu huyachambua kwa rangi, moja moja, akizungumza nawe bila kukutazama. Nilikwenda kwake mara sita. Kila mara alinipa kahawa ya kutafuna kwanza, kisha ya kunywa, na kila mara niliondoka na madaftari yamejaa maneno yangu mwenyewe.

Mwezi wa kumi mwaka jana ikafika barua ya polisi: silaha zote ambazo wamiliki wake wamefariki zisalimishwe kabla ya mwezi kuisha; baada ya hapo warithi watajibu mahakamani. Jina la Gaudiosus lilikuwa la tatu kwenye orodha. Benadeta akaniita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Karibu waitu, mwanangu, kaa hapo. Kuni mbichi, moto unanisumbua.”

Nilikaa. Kwa kuwa nilikuwa nimeitwa kama mtaalamu, nilianza kitaalamu. Nilimweleza kwamba bunduki huitwa namba kumi na mbili kwa sababu ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, ukaigawa vidonge kumi na viwili vya duara vilivyo sawa, kimoja kitaenea mtutuni.

“Kwa hiyo namba ikikua, tundu linapungua,” alisema.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawakuwahi kulitambua hilo. Mimi mwenyewe lilinichukua wiki.

Kisha nikamfungulia ramani niliyoichora. Mishale myekundu ilionyesha jinsi bunduki ilivyovushwa mpaka kwenda Uganda. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa mrija wa kupulizia moto.

“Pulizia basi, wewe mwenye mapafu ya chuo kikuu.”

Ulikuwa mrija wa chuma, mweusi kwa masizi, upande wa mdomo umefungwa vitambaa visiunguze. Nilipuliza. Moto ukashika, na moshi kiasi ukanirudia kooni.

“Mama, mrija huu ni mzito mno. Nitakuletea mwepesi.”

“Nimeuzoea. Mwalimu, hiyo bunduki ukiiona utaijua?”

“Hata nikifumba macho.”

“Haya, futa mdomo. Una masizi.”

Akaupoza mrija kwa maji, akaanza kufungua vitambaa, kimoja baada ya kingine, kama anayemfungua mgonjwa bandeji. Chini yake kulikuwa na jino la chuma, na kando ya jino, namba. Akaingiza mkono kwenye mkoba wa marehemu, akatoa leseni. Nilivaa miwani. Namba zilikuwa sawa, zote tano.

Nilikuwa nimeipulizia. Mimi, mwandishi wa madaftari matatu, nilikuwa nimeuweka mtutu wa Gaudiosus mdomoni na kuulalamikia uzito.

“Umekunywa kahawa yangu mara ngapi?”

“Sita. Na leo saba.”

“Nilikuwa nakupima. Nilisema, huyu amezisomea. Kama yeye haioni, basi hakuna atakayeiona.”

Alinieleza pale pale, huku akichambua maharage. Siku ya tatu ya matanga alimsikia Eliud akiapa kwamba akiipata bunduki, atamwonyesha Jovin mpaka wa kibanja ulipo. Jioni ile mke wa Jovin akamletea maneno yale yale kutoka upande wa pili. Benadeta alikuwa amemtazama mumewe akiifungua na kuisafisha kwa miaka thelathini. Alijua ni vipande vitatu tu. Chuma chenye kifyatulio alikitumbukiza chooni. Mtutu ukaja jikoni. Kitako kilikuwa kimeegemezwa kwenye mlango wa banda la mbuzi, na mimi nilipowasili asubuhi ile nilikuwa nimekisogeza kwa mguu ili nipite.

“Mahakama siiogopi,” alisema. “Polisi wataandika, wataondoka. Hawa wawili ndio watakaobaki wananitazama. Ni mimi niliyewafanya maadui.”

“Usipoipeleka, mama, utajibu kesi.”

“Ndiyo maana nimekuita. Wewe utasema kwa polisi. La nyumbani nitalisema mwenyewe.”

Kesho yake aliwaita mashemeji zake. Walikuja kwa njia mbili tofauti na kusimama kwenye pembe mbili za uwanja. Benadeta aliuweka mtutu kwenye mkeka, akasimulia yote bila kupunguza.

Jovin ndiye aliyeanza. “Shemeji, miaka minane umetuacha tukitukanana?”

“Miaka minane mmetukanana. Mtu anayetukana, anapumua.”

Kuku alipita kati yetu bila haraka. Eliud aliinama, akaokota mtutu, akauchungulia hadi mwisho, kisha akamgeukia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

“Na wewe umewahi kuupulizia?”

“Krismasi.”

“Mimi Pasaka,” alisema Eliud, na mashavu yakaanza kumchezacheza.

Nikasema kwamba mimi pia, jana. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Polisi tulikwenda wanne. Afisa aliutazama mtutu na kitako, akaniuliza kama nina uhakika hiyo ni bunduki. Nilianza na ratili ya madini ya risasi. Nilipofika kwenye kidonge cha nne alikuwa ameshalinganisha namba na leseni, ameandika “haifanyi kazi”, na kumpa Benadeta karatasi yenye muhuri.

“Na moto wangu nipulizie nini?” Benadeta alimuuliza. Afisa akanitazama mimi.

Nilikwenda Kayanga, dukani kwa Zubeiri anayeuza vifaa vya ujenzi, nikakatiwa kipande cha bomba la maji cha nusu inchi. Nilipompelekea, nilimkuta Eliud na Jovin uani kwake, wakibishana kwa sauti kuhusu mkungu ulioinamia upande usio wake. Benadeta alipuliza mara moja, akaligeuza bomba mkononi.

“Jepesi. Lina ladha ya dukani.” Akapuliza tena. “Mwalimu, kuna bunduki nyingine unayoitafuta?”

“Iko moja Kanoni, mama. Imepotea tangu miaka ya sabini.”

“Ukifika huko,” alisema, “anzia jikoni.”