Pembe Nne za Fulbert

"Mimi ninunue kruasani? Labda siku milima hii ikihamia Paris!" Fulbert Chavanon alijigamba hivyo kwenye sherehe ya Noeli, mbele ya kiwanda kizima, divai ikimchuruzikia kwenye tai. Kiwandani kwao Grenoble, anayeharibu kipande huwaletea wenzake kruasani, vile vimkate vya siagi, asubuhi inayofuata. Fulbert, aliyebandika kwa gundi fuwele za vigunduzi vya infraredi, yaani miale ya joto, alikuwa akila za wengine tu.

Halafu vigunduzi vyake vikaanza kuona mashetani. Mezani vizima, vikipozwa kwa nitrojeni kimiminika, vinapiga kelele kwamba kuna joto, na mbele yake hakuna kitu. Msimamizi, Bi Perrachon, hakuzunguka: "Kingine kikiharibika, unahamia kufunga maboksi."

Maboksi! Fulbert akamkodolea macho Maëlle, binti wa meza ya pili. Balaa lilianza lini? Alipokuja yeye. Nani anachekacheka bila sababu? Yeye. Kuanzia hapo gundi ikafungiwa kabatini pamoja na jibini lake.

"Mzee, gundi yako inanuka miguu," Maëlle akamwambia.

"Umeinusa lini?"

"Korido nzima imeinusa!"

Fulbert akabandika kipande amejifungia peke yake, akakipeleka mwenyewe kupozwa, akakaa kando yake kama polisi. Kikapoa. Kikapiga kelele.

"Umekifanya nini?" akamgeukia Maëlle.

"Nimekifanya kwa macho? Hebu. Umebandika pembe zote nne?"

"Tangu hujazaliwa."

"Enzi hizo fuwele zilikuwa kama punje ya mchele. Hizi mpya ni kama ukucha wa dole gumba. Kwenye baridi fuwele inasinyaa kivyake, kauri iliyo chini inasinyaa kivyake. Wewe umeikaba pembe zote, inavutwa, inapinda, inaanza kuropoka."

Maëlle akabandika nyingine, tone moja tu katikati. Fulbert alinusa gundi yake, akamkagua hadi mikono ya koti. Ikapozwa. Kimya. Akakagua waya, akataka irudiwe. Kimya.

"Kwa hiyo?" Bi Perrachon alikuwa mlangoni.

 Fulbert bado alimshuku yule binti. Nani anafundisha bure siku hizi? "Kosa ni langu. Tone moja, katikati."

"Basi baki mezani pako. Desturi unaijua."

Asubuhi alisimama dukani akiwa na hakika kwamba muuzaji anamwibia. Kruasani moja ya siagi ni euro moja na senti thelathini, bei ile ile kwa kila mteja.