Saa Nne za Mwendo

Mume wangu anauza tiketi za ndege, huu mwaka wa kumi na tisa, na mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Mtajie viwanja viwili vyovyote vya ndege, atakupa kilomita na muda wa safari kabla hujafunga mdomo. Ofisini wamembandika jina la Bwana Kilomita, naye badala ya kuudhika anavimba kichwa.

Juzi mama yake alikuwa apasuliwe tumbo saa sita mchana. Aliomba kitu kimoja tu: amwone kwanza bintiye, wifi yangu, anayefanya kazi mbali. Jioni ya kuamkia siku hiyo, akiwa kitandani hospitalini, akauliza, "Anafika saa ngapi?"

Mume wangu, macho kwenye simu, akajibu, "Saa nne, mama. Kilomita elfu tatu na mia moja."

Asubuhi yeye akaenda kazini, mimi nikabaki na mama. Kufikia saa tatu na nusu alishataka kitenge kipya na kuchanwa nywele. Saa nne ikafika, mlango ukafunguka, akaingia mfagizi. Saa nne na nusu nikampigia wifi: hapatikani. Nikampigia mume wangu, ambaye simu yake huifungia kwenye droo akihudumia wateja. Nikatoka kwenye korido, nikarudi, nikatoka tena. Nilikuwa na hofu, sifichi.

"Ndege imeanguka," mama akasema. "Mnanificha."

"Hakuna kitu kama hicho, mama."

"Mbona hukai, basi?"

Saa tano na nusu Bwana Kilomita akaingia, kajaa tabasamu. "Sasa hivi wako juu ya maziwa. Saa saba kamili wanatua."

Nilitamani kumrukia. "Si ulisema saa nne?"

"Saa nne ndiyo safari yenyewe! Kaondoka saa tatu, jumlisha." Hapo akajishtukia. Kosa hilo wateja hulifanya kila siku, naye huja kutuhadithia mezani huku akiwacheka. Akakaa chini, akashika kichwa. "Nisamehe, mama. Nilitaja saa nne za mwendo, siyo za ukutani."

Muuguzi alishafika na kitanda cha magurudumu, na daktari hakuwa na nafasi nyingine. Mama hakumgombeza mwanawe. Alimtazama tu muuguzi. "Huko ndani nitakaa muda gani?"

"Kama saa tatu hivi, mama."

"Za mwendo au za ukutani?"

Muuguzi hakuelewa. Mume wangu ndiye aliyejibu. "Za mwendo, mama. Unatoka saa sita, unafika saa tisa. Utamkuta anakungoja."

"Haya," akasema, akijifunika kitenge kipya. "Mwambie asiondoke uwanjani."

Tukamsukuma hadi kwenye mlango ule ambao ndugu hawavuki. Mume wangu akabaki pale amesimama, anatazama saa ya ukutani, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hesabu yoyote ya kunipa.