Kikombe cha Mama Lusia

Siku ambayo mama mkwe wangu alininyamazisha mbele ya watu naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, na leo naisimulia kwa sababu umenichosha. Jana nimekusikia ukiwaambia wenzako, "Mimi simbagui mtu yeyote, ila wale waliohamia pale jirani..." Sikungoja umalizie. Niliingia ndani nikakosa hata hamu ya kula. Kaa chini. Ubaguzi wako angalau umetoka mdomoni, mtu anaweza kuusikia akakurudi. Wangu ulikaa mkononi, na mwenyewe sikuujua.

Tulikuwa Newala, mimi na babu yako, vijana bado, wakati ule wa ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka yalikuwa yamefunguka, sukari imerudi, nguo za mitumba zinauzwa kila kona, na wanunuzi wa korosho wanakuja na magari yao kutoka mbali, kila mmoja na maneno yake matamu. Sisi tukafungua hoteli ndogo ya chai karibu na stendi. Chai, maandazi, muhogo wa kuchemsha, siku nyingine supu. Waliketi humo Wamakonde, Wamakua, Wayao, mwenye kanzu na mwenye rozari, wote wakinywa kwa glasi. Nilikuwa najisifu nalo hilo. Nilikuwa nasema, hotelini kwangu hakuna kabila.

Sasa maji ya hiyo chai. Wewe umezaliwa umekuta bomba, huwezi kujua. Huku juu maji hayakai, yalikuwa kule chini bondeni, na njia ya kupandia nayo ilikuwa mlima wa kumtoa mtu roho. Aliyetuletea maji alikuwa mama mmoja aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya kwao, yeye na binti yake. Watu kama hao tuliwaita Wamawia, yaani Wamakonde wa ng'ambo. Lugha yao na yetu ni mtu na ndugu yake, lakini uso wake ulikuwa na chale za usichana wake, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, lile pambo la mdomoni la wanawake wa kwao. Alikuwa rika la mama yangu mzazi. Jina lake Filomena, na binti yake aliitwa Lusia, kwa hiyo kwa adabu ya huku kwetu alikuwa Mama Lusia. Mimi nilimwita Filomena. Na asipokuwepo, nilimwita "yule Mmawia wangu", tena kwa mapenzi, nilivyodhani.

Akishatua ndoo nampa chai. Kila siku, bila kukosa, na nilijiona mwema. Aliinywa nje, ameketi kwenye gogo mlangoni mwa jiko, kwa kikombe cha bati ambacho kilitundikwa peke yake kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakuna aliyeniambia nikitenge. Sikumbuki hata siku niliyokitenga. Ungeniuliza, ningekujibu kwamba mwenyewe anapenda kukaa nje.

Basi shemeji yangu Tobias, mdogo wake babu yako, akampenda Lusia. Binti alikuwa na cherehani pale sokoni, anawapunguzia watu suruali za mitumba, mpole lakini si mtu wa kuchezewa. Nyumbani ikaanza minong'ono. Nani alimtetea Tobias? Mimi. Nikasema, "Mtu ni mtu. Mmawia naye ana damu nyekundu." Hebu yasikilize maneno hayo, mwanangu. Nilidhani ni utetezi.

Mama mkwe wangu alikuwa anakaa Lupaso, kule Masasi. Akaja kwa basi pamoja na kaka yake, maana kwetu bila mjomba hakuna posa. Mama Lusia naye akaja na binti yake na mzee mmoja wa kwao wa kumsemea. Tukafunga hoteli kwa wateja, tukaketi humo. Mama Lusia alikuwa amevaa khanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa ndani kwenye kiti.

Mambo yakaenda vizuri. Mjomba alizungumza, mzee wao akajibu, watu wakacheka kidogo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kugawa chai. Glasi nilikuwa nimezipanga kwenye sinia tangu asubuhi, na zilitosha watu wote. Nikamimina, nikagawa, nikipiga goti kwa wakubwa kama nilivyofundwa. Kisha mkono wangu, huu huu unaouona, ukaenda nyuma ya mlango, ukatungua kile kikombe cha bati, ukakijaza, ukampelekea Mama Lusia. Kwenye sinia ikabaki glasi moja tupu, mbele ya macho ya kila mtu.

Sikuona nilichofanya. Niliona kwanza nyuso za watu. Tobias ameinamisha kichwa. Lusia anaitazama ile glasi. Mama Lusia akapokea kwa mikono miwili kama siku zote, akanywa mpaka mwisho, akakiweka chini. Hapo ndipo nikakiona.

Akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Mimi nimenywea hiki muda wote huu sikusema neno, kwa kuwa nilikuja kuomba hifadhi, na mwenye kuomba hachagui. Lakini binti yangu simleti kwenye nyumba ambayo kikombe chake kimeshatundikwa kinamngoja."

"Mama Lusia, ni bahati mbaya," nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo. Mwenyewe alilisikia, na wengine wote walilisikia. Akawaaga wazee kwa heshima zote, akatoka na watu wake.

Nikamgeukia mama mkwe. "Mama, sikukusudia. Mungu anajua sikukusudia."

"Nyamaza," akasema. "Ungekusudia ningejua pa kuanzia. Aliyekusudia unamwambia acha, anaacha. Wewe nikwambie uache nini, na hata hujui unachofanya?"

Nikasema mimi ndiye niliyeitetea ndoa hii tangu mwanzo, mjomba na ashuhudie. Akafunga macho kama mtu anayeumwa kichwa.

"Tangu nishuke kwenye basi umeamkia watu," akasema. "Umeniamkia mimi, umemwamkia kaka yangu, umemwamkia hadi mzee anayeuza tumbaku pale stendi, ambaye humjui. Yule mama ni mkubwa kwako. Shikamoo yake umempa lini?"

Nikatafuta siku hata moja, mwanangu, nikatafuta ya masika na ya kiangazi, sikuipata. "Habari, Filomena." Basi, hiyo ndiyo salamu niliyokuwa nampa mtu aliyelingana na mama yangu.

Ungedhani nilijifunza. Kesho yake nikafanya upumbavu wa pili, na huu ndio wanaoufanya watu wengi wakishaumbuka. Nikanunua doti ya khanga, nikapika chai ya maziwa, nikamngoja Mama Lusia apande na maji. Alipotua ndoo nikamshika mkono, nikamkalisha meza ya mbele, nikamwita "mama yangu mpenzi" kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. Wateja wakaacha maandazi yao wakatutazama.

Akaisukuma khanga pembeni. "Jana ulinifanya mtu wa nje," akasema, "leo umenifanya ngoma ya kutazamwa. Nipe chai kama unavyowapa hawa, halafu niache ninywe. Hilo nalo ni gumu?"

Lilikuwa gumu. Mimi mwenyewe lilinikera jinsi lilivyokuwa gumu. Nikaanza kujichunga, na kila nilipojichunga nikajikamata. Mmakua akiagiza, nilimjibu polepole kwa sauti kubwa, kana kwamba haelewi. Yule fundi viatu aliyekuwa na miguu iliyopooza akiletwa na mwenzake, nilimuuliza yule mwenzake, "Huyu anakunywa nini?" Mtu ana mdomo wake, ananitazama. Mtoto wa jirani aliyezaliwa nje ya ndoa akitoka, macho yangu yalifuata mikono yake kama ya mwizi. Nani alinifundisha haya? Hakuna somo wa unyago aliyenikalisha akanifunda hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hiyo nilikuwa naivaa kila siku naiona safi.

Posa ile ilikufa. Tobias alimfuata Lusia sokoni kubembeleza, na Lusia hakumsema mama yake wala mimi. Alimwambia tu, "Wewe uliona, ukainamisha kichwa." Akaendelea kushona. Tobias akahamia Tandahimba, akaoa huko, ana watoto wazuri, lakini kwangu hapiti ila kwenye msiba.

Na Mama Lusia nikawa namwamkia kila asubuhi. Mwanzoni alitua ndoo akaondoka bila kujibu, na chai hakuitaka tena. Nikaendelea. Mvua zikanyesha, zikakatika, ndipo siku moja akajibu, "Marahaba," huku anafuta jasho, akaenda zake. Usidhani tulikumbatiana. Kwao kulipotulia, yeye na binti yake walirudi ng'ambo, na kwaheri niliipata kwa watu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nisikilize, kwa sababu sina nguvu ya kulirudia. Usijiulize kama una ubaguzi. Unao. Jiulize umekaa wapi. Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema, lakini mimi nakwambia mwenye macho ndiye wa kuambiwa, maana ana hakika anaona. Tazama ni nani unayemwita kwa jina tupu ilhali ni mkubwa wako. Tazama unamsemesha nani kwa kupitia mwenzake. Tazama wema wako unautolea mlangoni au ndani. Ukikosolewa usilie, usiape, usikimbilie dukani kununua zawadi. Rekebisha hilo moja, kisha utafute lingine, kwa kuwa lipo. Na ukimwona ndugu yako anafanya, usiinamishe kichwa, hata kama aliyekosa ni mkubwa wako.

Kwa wale majirani utakwenda asubuhi. Utamuuliza yule mama mwanawe wa kwanza anaitwa nani, utamwamkia kwa jina hilo, kisha utarudi nyumbani bila kujisifu kwa mtu.

Mungu akupe macho ya kujitazama, mwanangu. Akupe na mtu mkali wa kukunyamazisha mapema, kabla hujawapoteza watu ambao hutawaona tena. Akuzeeshe salama, na katika uzee huo wasikosekane wa kukukosoa.